Picha Moja kila Siku: Maswali na Majibu

Kupiga picha moja kila siku ni kufanya nini hasa?

Ni kupiga, kuchagua na kutunza picha moja kwa kila tarehe, ya vitu na nyakati ambazo kwa kawaida kamera huzipita: sufuria jikoni, kandambili mlangoni, mitungi ya maji iliyopangwa foleni kisimani, mtoto anayefunga kamba za viatu kabla ya kwenda shule. Picha za harusi na mahafali hungoja tukio. Hizi hazingoji chochote. Masharti yake ni matatu: picha ni moja, ina tarehe, na inahifadhiwa pamoja na zilizoitangulia. Nguvu yake imo katika mfululizo. Picha moja ya karai huonyesha karai tu, lakini karai hilohilo likipigwa picha mara kwa mara mwaka mzima huonyesha kutu inavyoenea, kiraka kinavyoongezwa na mikono inavyolipokezana.

Jambo hili lina historia gani?

Mfano unaojulikana sana ni wa Jamie Livingston wa New York, Marekani, aliyepiga picha moja ya Polaroid kila siku tangu 31 Machi 1979 hadi siku aliyofariki, 25 Oktoba 1997. Aliacha picha zaidi ya 6,000, nyingi zikiwa za chakula, vyumba, marafiki na barabara.

Katika Afrika Mashariki, picha kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya studio. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Omar Said Bakor kule Lamu zilihifadhi sura za vizazi kadhaa. Filamu na kusafisha picha viligharimu fedha, hivyo watu walivaa nguo zao nzuri na kujipanga mbele ya pazia. Ndiyo maana nyuso za zamani zipo nyingi, ila jikoni, zana na mabanda ya biashara ni haba. Nchini Uganda, mradi wa History in Progress Uganda, ulioanza mwaka 2011, umekusanya na kuonyesha picha zilizokuwa zimelala majumbani, zikiwemo za Musa Katuramu, seremala na mwalimu wa Mbarara. Mwaka 2012 mpiga picha na mwandishi, wote wa Marekani, wakiwa Ivory Coast walianzisha Everyday Africa, wakitumia simu kuonyesha maisha ya kila siku badala ya vita na njaa pekee. Simu yenye kamera imeondoa ile gharama ya filamu.

Mahali kama Tiira, Uganda, kwa mfano, pana nini cha kupigwa picha?

Tiira iko katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, upande wa kuelekea Tororo, na inajulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Zana zao zinastahili kumbukumbu makini kwa kuwa hubadilika haraka: sululu, sepetu, kamba ya kushukia shimoni, magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, magunia yanayotandazwa kwenye mfereji wa kuoshea udongo, na mizani ndogo ya mnunuzi. Mashine ya kusaga mawe ikifika, kinu cha mkono huwekwa pembeni na hakuna anayekumbuka kukipiga picha.

Mpaka wa Busia unafundisha hilohilo. Usafiri wa bodaboda ulianzia huko kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo katika kipande cha ardhi kilichotenganisha vituo vya Kenya na Uganda. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile, na Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi, msafiri akamaliza taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Mambo yaliyoonekana ya kudumu yamebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Kwa upande wa Tororo, mwamba mkubwa unaoinuka juu ya mji unafaa kupigwa picha kutoka sehemu ileile, ili mvua, moshi, mazao na nyumba mpya vilinganishwe mwezi kwa mwezi.

Je, simu ya kawaida inatosha?

Inatosha. Jambo la kwanza ni kusafisha lenzi kwa kitambaa laini, hasa mahali penye vumbi jekundu, kwa sababu alama ya kidole hufanya picha iwe na ukungu. La pili ni kusogea karibu badala ya kukuza kwenye skrini, maana kukuza huko mara nyingi hupunguza ubora. La tatu ni kuegemeza viwiko mwilini au ukutani ili mkono usitikisike.

Ni wakati gani wa siku unaofaa?

Tiira iko chini ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, hivyo saa za jua hazibadiliki sana. Jua huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na huzama karibu na saa hizo jioni. Saa moja ya kwanza na ya mwisho ya mchana mwanga huja kwa ubavu na kuonyesha mikunjo ya kitu. Adhuhuri jua hukaribia utosini, vivuli hufupika na mabati hung'aa kupita kiasi; hapo ni afadhali kivuli cha mti au mlango ulio wazi. Mawingu ya masika, Machi hadi Mei, hutawanya mwanga na kufaa sana kwa nyuso.

Kitu kimoja hupigwaje picha vizuri?

Karai la kuoshea dhahabu lenye mchanga mweusi ni mfano mzuri. Likipigwa picha kutoka juu wakati wa mchana, maji huakisi anga na kuficha kilichomo. Mpigaji akiinama, akaliweka jua la asubuhi upande wa kushoto au kulia na kugusa mchanga kwenye skrini, simu hupima mwanga wa sehemu hiyo. Mistari ya mchanga na vidole kwenye ukingo huonekana. Vitu visivyohusika hutolewa kwenye fremu, lakini kitu chenyewe hakipangwi upya, kwa kuwa picha hii ni ushahidi wa jinsi kilivyokuwa.

Watu na ruhusa je?

Salamu hutangulia kamera. Mtu mzima huombwa ruhusa, na kwa mtoto huombwa mzazi au mlezi. Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Maeneo ya forodha, uhamiaji na polisi hayapigwi picha bila idhini. Mgodini, picha haipaswi kumweka mchimbaji hatarini kwa kuonyesha dhahabu aliyopata; taarifa za mahali zilizofichika ndani ya faili huondolewa kabla ya picha kutumwa kwa wengine.

Siku ikikosekana?

Pengo huachwa wazi. Kuweka picha ya leo chini ya tarehe ya jana huharibu uaminifu wa mkusanyiko wote. Siku inayoonekana tupu huhitaji kitu cha karibu tu: meza, ufagio, ukuta uliolowa mvua.

Picha hutunzwaje?

Kwa wastani wa MB 4 kila moja, picha 365 huchukua takriban GB 1.5. Jina la faili huanza na mwaka, kisha mwezi na siku, ili zijipange zenyewe. Nakala mbili huwekwa mahali tofauti, kwa mfano kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta, na chache za kila mwezi huchapishwa kwenye karatasi. Kila picha huandikiwa maelezo mafupi: ni nini, ni wapi, kinafanya kazi gani, na kinaitwaje kwa Kisamia, Kiteso au Kijopadhola. Maelezo huandikwa siku hiyohiyo, wakati anayekijua kitu bado yupo wa kuulizwa.