SOMO: CHUNGU, MAJI NA MOTO

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kunywa maji ya mtungini, yale ya baridi hata jua likiwa kali. Na pengine umewahi kumwona mama mfinyanzi akiokota vigae baada ya kuchoma vyungu. Kazi ya siku nyingi imepotea kwa saa moja! Katika somo hili tutajifunza sababu za mambo hayo mawili. Soma polepole. Ukisoma na mwenzako ni vizuri zaidi.

1. Wafinyanzi wa Ziwa Nyasa

Kwenye ufuko wa kaskazini mashariki wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, wanaishi Wakisi. Kijiji chao kimoja ni Ikombe, karibu na Matema, wilaya ya Kyela. Wafinyanzi ni akina mama. Hufinyanga kwa mkono, hulainisha, huremba kwa udongo mwekundu, kisha huchoma. Vyungu vyao ni vyembamba na vyepesi, lakini ni imara. Hupakiwa mitumbwini na kuuzwa katika gulio la Lyulilo. Binti hujifunza kwa mama yake.

2. Kwa nini chungu hupasuka?

Chungu kibichi kinaonekana kikavu, kumbe ndani bado kina maji. Kikiingia motoni ghafla, maji yale hugeuka mvuke. Mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 kuliko maji. Ukikosa njia ya kutokea, hupasua chungu. Basi, fanya hivi:

(a) Changanya udongo na mchanga au vigae vilivyotwangwa. Mvuke utapata njia.
(b) Anika chungu kivulini. Juani upande mmoja hukauka upesi kuliko mwingine, na nyufa hutokea.
(c) Kabla ya kuchoma, pasha chungu joto kidogo kidogo.
(d) Usikitoe chungu motoni upepo ukivuma. Ngoja kipoe.

3. Kwa nini mtungi hutoa jasho?

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za joto. Moto wa kuni wa uwanjani hufikia kama nyuzi 600 hadi 900. Moto huo hukaza udongo, lakini huacha vitundu vidogo sana. Maji hupenya humo na kutoka nje. Yanapokauka huchukua joto la mtungi, na maji ya ndani hupoa. Kwa hiyo jasho la mtungi si ubovu. Ndiyo kazi yake!

Vitundu hivyo pia husaidia chungu cha kupikia kuvumilia moto wa mafiga.

4. Udongo unaokuwa kama jiwe

Huko Ufaransa kuna kijiji cha wafinyanzi kiitwacho La Borne. Wao huchoma katika tanuri kubwa la kuni, hata kupita nyuzi 1,200. Udongo wao ni wa namna ya pekee. Kwenye moto huo vitundu huziba, na chombo huwa kigumu kama jiwe. Hakivuji. Zamani watu walikinunua ili kuwekea mafuta na vyakula vya chumvi. Lakini chombo hicho hakipozi maji, na ukikiweka juu ya mafiga kitapasuka.

Je, tuige moto huo? Hapana. Udongo wetu mwekundu wa kawaida ukipata moto mkali vile hulegea na kubonyea. Kila udongo una moto wake.

Lakini liko jambo la kujifunza. Vyombo vya chuma, kioo na plastiki vilipoenea, soko la mitungi ya La Borne lilianguka. Katika miaka ya 1940 wasanii walihamia kijijini, wakatumia udongo ule ule na tanuri zile zile kutengeneza vyombo vya maua na mapambo. Ufundi haukufa. Ulipata mnunuzi mwingine.

5. Hesabu ya mfinyanzi

Tuseme mama amefinyanga vyungu 20. Kila kimoja huuzwa shilingi 3,000. Kuni zimegharimu shilingi 8,000. Vyungu 5 vimepasuka.

Vilivyobaki: 20 - 5 = 15
Mauzo: 15 x 3,000 = 45,000
Toa kuni: 45,000 - 8,000 = 37,000

Kama vyote vingepona, angebaki na shilingi 52,000. Amepoteza shilingi 15,000, na kuni ni zile zile. Kukausha vizuri hakuna gharama, ni subira tu. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Sisi tunaongeza: na moto uusubiri ukauke.

MASWALI

1. Taja njia mbili za kuzuia chungu kisipasuke.
2. Kwa nini maji ya mtungini hupoa kuliko ya ndoo ya plastiki?
3. Vyungu 30 vimechomwa, 4 vimepasuka. Bei ni ile ile, kuni ni shilingi 10,000. Mfinyanzi amebaki na shilingi ngapi?
4. Jadilianeni: hapa Nalasi nani bado anajua kufinyanga, na nani anajifunza kwake?