Nani Atashika Pembe ya Nne?

SOMO LA WIKI
Andiko la kusoma: Marko 2:1–12 na Yohana 9:1–7

Kabla sijafungua somo, nina jambo la kuungama mbele yenu. Mama anayehusika amenipa ruhusa kulisema, bila jina lake.

Miaka minne na zaidi iliyopita, nikiwa na miezi michache tu tangu niwekwe kuwa mchungaji msaidizi, mama mmoja alinijia baada ya ibada ya Jumatano. Alikuwa ametoka upande wa msituni, kwa miguu. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa leso hadi kichwani, na jua limeshatua. Alipomfunua nikaona mdomo wa juu umepasuka hadi puani, na ndani kaakaa lina tundu. Mtoto alikuwa na miezi mitano.

Alikuwa amesikia kwamba madaktari wa kujitolea wanakuja mji fulani wa mbali kuwafanyia watoto kama huyo upasuaji wa bure. Aliomba tu kanisa limsaidie kufika.

Mnajua mimi nilisomea biashara chuoni. Basi nikatoa daftari. Nauli ya kwenda na kurudi, 2,400. Chakula siku sita kwa 250, ni 1,500. Siku sita za mboga ambazo hatauza sokoni Khayega, 1,200. Jumla 5,100. Mfuko wetu wa mabati wakati huo ulikuwa na zaidi ya 80,000. Nikafunga daftari nikamwambia, "Mama, upasuaji ni bure, si ndiyo? Pesa iliyoko ni ya paa la nyumba ya Bwana. Hebu tuzidi kuomba, Mungu anaweza."

Nikamwekea mtoto mikono, nikaomba kwa sauti kubwa. Mama akaitikia amina, akaenda zake gizani. Kule mjini hakwenda.

Wiki iliyofuata nilihubiri juu ya wale watu wanne wa Kapernaumu. Nikafika pale walipotoboa paa, ulimi ukanikauka. Wenzetu walibomoa paa ili mgonjwa afike kwa Yesu. Mimi nilimzuia mgonjwa ili nilinde paa ambalo hata halijaezekwa.

1. TUACHE KUTAFUTA MWENYE KOSA

Katika Yohana 9 wanafunzi walipomwona kipofu wa kuzaliwa, swali lao la kwanza lilikuwa la mashtaka: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Kisha akainama, akatengeneza tope, akaanza kazi.

Huku kwetu mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, mashtaka huanza kabla mama hajatoka wodini. Ati alimcheka kilema. Ati ni laana ya ukoo wa mume. Hata lile jina la "mdomo wa sungura" tuliache, wapendwa. Mtoto wa mtu haitwi mnyama.

Ukweli ni huu. Uso wa mtoto tumboni huumbwa kwa sehemu zinazokua kutoka pande mbili na kukutana katikati. Mdomo hukutana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wakati huo mama wengi hata hawajajua kama ni wajawazito! Wakati mwingine pande hizo hazifungani. Duniani kote hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 700. Huzaliwa kwa matajiri na maskini, kwa waliookoka na wasiookoka. Tofauti ni kwamba mtoto wa tajiri hushonwa mapema, na wa maskini hufunikwa leso.

Na kufunikwa huko kunaua polepole. Mtoto mwenye tundu kwenye kaakaa hawezi kuvuta titi vizuri, kwa sababu hewa inapita. Maziwa hutokea puani. Anakonda, na watu wanasema, "Mnaona, si tulisema ni laana?" Kumbe ni njaa.

2. MFINYANZI NA MIKONO YAKE

Wengi wetu tukisikia "upasuaji wa plastiki" tunafikiri daktari anaweka kipande cha plastiki kama cha jagi. Sivyo. Neno hilo limetoka katika Kiyunani, kitenzi chenye maana ya kufinyanga. Katika tafsiri ya zamani ya Kiyunani ya Agano la Kale, kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika katika Mwanzo 2:7, Mungu alipomfanya mtu kwa mavumbi. Paulo naye anakitumia katika Warumi 9:20, anaposema juu ya chombo na yeye aliyekifinyanga.

Kwa hiyo daktari wa namna hii ni mfinyanzi mdogo chini ya Mfinyanzi Mkuu. Haongezi kitu cha duka. Anachukua nyama ya mdomo wa mtoto mwenyewe, anaisogeza, anaishona mahali ilipopaswa kukutana.

Na kazi hii ina historia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1956 madaktari watatu walikaa katika shamba la mmoja wao, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wa kwanza alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya. Wenzake walikuwa Archibald McIndoe wa New Zealand na Tom Rees wa Marekani. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kazi hiyo ya kufinyanga. Waliona watu wa vijijini wenye majeraha ya moto na vilema vya uso wakiishi mbali na daktari yeyote. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege ndogo. Ndiyo hii leo tunaijua kama Amref, yenye makao Nairobi.

Wengine walifuata. Mwaka 1982 Bill Magee, daktari wa Marekani, na mkewe Kathleen waliokuwa wameenda Ufilipino kushona midomo ya watoto waliona wengi wakirudishwa nyumbani kwa kukosa nafasi. Wakaanzisha Operation Smile, na mwaka 1987 ikafika Kenya. Mwaka 1999 ikaja Smile Train, ambayo njia yake ni kuwasaidia madaktari wa nchi yenyewe wafanye kazi hiyo mwaka mzima. Kama mtu wa biashara hiyo inanipendeza sana. Mgeni huja na kuondoka, lakini daktari wa hapa yuko hata mvua ikinyesha.

Mpendwa, uponyaji ukipitia kwenye sindano na uzi haujapungua utukufu. Yesu alitumia tope na akamtuma kipofu akanawe. Kuomba na kwenda hospitali si maadui. Mimi niliwafanya maadui, na aliyelipa ni mtoto.

3. MJI ULIOJIFUNZA KUTOKODOA MACHO

Huyo McIndoe alikuwa na habari yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitibu marubani walioungua nyuso katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Wengine hawakuwa na kope wala pua. Upasuaji ulikuwa wa mara nyingi, miezi kwa miezi. McIndoe alijua kwamba ukimshona mtu uso kisha mtaani watu wakamkimbia, bado hujamponya. Akaongea na wenyeji. Wakawakaribisha vijana hao kwenye nyumba zao na kwenye mikahawa, wakawatazama kama watu. Mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho.

Sasa nauliza: kanisa letu lina sifa gani? Yule mama alikuja usiku. Kwa nini hakuja Jumapili? Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Pasta, Jumapili kuna macho mengi." Hilo lilinichoma kuliko habari ya pesa.

4. BURE INA NAULI

Turudi Kapernaumu. Yesu hakudai malipo. Uponyaji ulikuwa bure kabisa. Lakini yule mtu asingefika bila watu wanne, mkeka, jasho, na mtu wa kugharamia paa. Marko anasema Yesu aliona imani yao, hao waliombeba. Imani ilionekana kwa sababu ilikuwa na mikono.

Mkeka una pembe nne. Madaktari wa kujitolea wameshika moja. Hospitali na wafadhili wameshika ya pili. Mama ameshika ya tatu, tena tangu miezi tisa. Ya nne ni ya nani? Mkeka ukishikwa pembe tatu, mgonjwa anaanguka.

Hapa Isukha fahali akienda kupigana, kijiji kizima kinaamka alfajiri, isukuti zinalia, vijana wanamsindikiza kilomita kadhaa. Sisemi tuanze mambo ya fahali kanisani! Nasema tu, tunajua kusindikiza. Tukitaka, tunaweza.

Nimalizie habari ya mtoto. Madaktari waliporudi karibu mwaka mmoja baadaye, tulimpeleka. Wakampima, wakamrudisha: uzito mdogo, damu kidogo. Wapasuaji wengi hutaka mtoto awe amepita wiki 10, ana angalau kilo 4 na nusu, na kipimo cha damu kimefika 10. Huyu umri alikuwa nao, uzito wa umri wake hakuwa nao, na damu ilikuwa chini. Dawa ya usingizi ingekuwa hatari kwake. Kina mama wa kanisa hili wakashika zamu. Walifundishwa na muuguzi kumlisha akiwa ameketi wima, kwa kijiko na kikombe kidogo, polepole, na kumcheulisha mara kwa mara. Akanenepa. Mdomo ulishonwa akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Kaakaa lilishonwa amepita miaka mitatu.

Ashukuriwe Mungu. Lakini nisiwadanganye kwamba yote yako sawa. Mdomo kwa kawaida hushonwa kuanzia miezi mitatu hivi, na kaakaa kabla ya miezi 18, ili mtoto ajifunze kuongea vizuri. Huyu alichelewa. Leo anakaribia miaka mitano, ni mchangamfu, anakula chochote, lakini maneno yake yanapitia puani na wenzake shuleni hawamwelewi vizuri. Kila akiniita "Pasta" nasikia ile 5,100.

Nilienda kwa mama yake nikaomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, akaniletea chai. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini mwingine akija, usifungue daftari kwanza. Mwambie aketi."

TUFANYE NINI WIKI HII

Kwanza, ukijua mtoto aliyefichwa, usimtangaze. Mwambie mama yake kwa upole kwamba jambo hili linatibika, na umsindikize hadi kliniki iliyo karibu au hospitali ya kaunti pale Kakamega, apimwe uzito na aelekezwe. Asingoje mtoto akue.

Pili, madaktari hawa hawa hushona na makovu ya moto. Ngozi iliyoungua hujikunja ikipona, mkono ukafungika, shingo ikavutwa. Mtoto akimwagikiwa na uji au akiangukia mafiga, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Usipake unga, yai wala dawa ya meno. Na mwenye kifafa asiachwe peke yake na moto.

Tatu, wazee wa kanisa wamekubali kwamba katika kila sadaka ya mfuko wa mabati, shilingi kumi katika mia ziende kwenye Mfuko wa Nauli. Hesabu zitabandikwa mlangoni kila mwezi. Paa litachelewa kidogo. Na lichelewe.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Yohana 9, swali la wanafunzi linafanana vipi na maneno tunayosema sisi juu ya wenye ulemavu?
2. Je, kuna mtu anayekuja kwetu usiku kwa sababu mchana kuna macho mengi?
3. Nyumba yako inaweza kushika pembe gani ya mkeka: nauli, chakula, kulinda watoto waliobaki nyumbani, au kusindikiza?

TUOMBE

Baba, tusamehe pale tulipotumia maombi kama mlango wa kumtolea mtu nje. Wape nguvu madaktari wanaoacha kazi zao kuja kushona watoto wasiowajua. Yule mama anayemfunika mtoto wake leo, mlete kwetu mchana, na atukute tumeshaamka kumpokea. Kwa jina la Yesu, amina.