Muuza Viatu Anataka Kitambulisho cha Nini?

Wadogo zangu, kaeni karibu. Mdogo wetu mmoja anayeuza nguo za watoto Soko la Nakawa alinijia juzi macho yamevimba. Alikuwa ameona viatu TikTok, vyeupe, vya kamba, bei nusu ya dukani. Akamwandikia muuzaji kwenye WhatsApp. Mtu mpole, maneno matamu, kila sentensi ina "dada" ndani yake. Kisha ukaingia ujumbe huu, nimeusoma kwenye simu yake mwenyewe: "Tuma picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na selfi ukiwa umekishika, tuthibitishe oda." Akatuma. Baada ya muda mfupi: "Kuna namba sita zimekuja kwako, ni za mzigo wako, nisomee." Akamsomea.

Viatu havikuja, na hilo ndilo dogo. Jioni ile ile WhatsApp ikamtoka mkononi. Shangazi zake walioko Mbale wakaanza kupata ujumbe wenye jina lake na picha yake: amelazwa, zinatakiwa shilingi 300,000, zitumwe kwenye namba fulani. Shangazi mmoja akauza kuku, akatuma. Wiki haijaisha, mdogo wetu akapigiwa simu anadaiwa mkopo ambao hakuuomba.

Nimekaa naye kibandani hadi saa mbili usiku, na nililomwambia nawaambia na ninyi. Hela ya viatu mwizi yule hata hakuigusa. Alifuata jina. Hapa Uganda jina la raia limefungwa kwenye NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa: bila NIN husajili laini, bila laini huna mobile money, na mikopo ya simu inapitia humo humo kwenye mobile money. Mwenye picha ya kadi yako ameshika ncha ya kamba, anavuta. Ile selfi ya kushika kadi ndiyo mbaya zaidi, maana ndiyo njia ambayo kampuni nyingi hutumia kumtambua mteja asiyekuwa mbele yao. Ukimpa mgeni picha hiyo, kwenye macho ya kampuni yeye ndiye wewe.

Hebu toa kadi yako uitazame. NIN ina herufi na tarakimu 14. Herufi ya pili ni M au F, yaani mwanamume au mwanamke, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mwaka wako wa kuzaliwa. Tarehe yenyewe imeandikwa kamili kwenye kadi hiyo hiyo. Sasa niambie, namba yako ya siri ya mobile money imetoka wapi? Kama ni mwaka wa kuzaliwa, ibadilishe kabla hujalala.

Anayekuuzia viatu anahitaji kujua saizi, mahali pa kuleta na namba ya kukupigia. Basi. Akidai kitambulisho, mwulize cha nini, kisha mwache na viatu vyake. Hata sheria iko upande wako: Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Usione haya kukataa. Najua tulivyolelewa, mtu akiuliza kwa adabu tunajibu, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi.

Na zile namba sita hazihusu mzigo wowote, ni ufunguo wa kuihamishia WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Hazisomwi kwa mtu, awe muuzaji, awe anayejiita wa benki, awe kaka yako. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri. Ni kazi ya dakika moja. Kama uliwahi kupiga picha kadi yako, ifute kwenye simu, ifute na kwenye mazungumzo ulimoituma.

Malipo ni baada ya kufungua mzigo, boda akiwa amesimama hapo. Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Likiwa geni kwako, usiendelee mpaka uelezwe ni la nani.

Kama jambo hili limeshakupata, usijifungie ndani kwa aibu. Sajili tena WhatsApp kwa namba yako ya simu. Ukiingia, mwizi anatoka. Kama ameweka namba yake ya hatua mbili, utasubiri siku saba ndipo uingie bila hiyo namba, lakini ukishaweka zile sita mpya yeye anakuwa ameshatolewa. Wapigie ndugu kwa sauti, wakusikie. Nenda polisi uandikishe, uchukue namba ya kumbukumbu, kwa sababu anayekudai mkopo atataka karatasi, machozi hayatakusaidia. Ofisi ya Kulinda Data Binafsi nayo hupokea malalamiko ya taarifa za mtu kutumiwa vibaya.

Halafu nenda na kadi yako halisi kwenye kituo cha huduma cha mtandao wako, uulize laini ngapi zimesajiliwa kwa NIN yako. Mdogo wetu nilimsindikiza. Yule binti wa kaunta akakigeuza kioo cha kompyuta kidogo, tukaona wote. Laini tatu. Mbili za mdogo wetu, ya tatu hakuwahi kuiona. Akaisoma namba ile taratibu, kidole juu ya kioo, tarakimu moja moja, kisha akasema, "Hii si yangu, ifungeni." Ikafungwa tukiwa tumesimama pale.