JUMANNE: Majina Katika Orodha

Soma Ezekieli 33:11. Ni jambo gani ambalo Mungu halifurahii?

Huko Uingereza na Marekani upo mchezo wa kubashiri vifo. Mwaka unapoanza, kila mchezaji huorodhesha watu mashuhuri anaodhani watakufa kabla haujaisha. Mara nyingi alama ni 100 kutoa umri wa marehemu. Mzee wa miaka 95 huleta alama 5. Mwimbaji Amy Winehouse, aliyefariki mwaka 2011 kwa ulevi akiwa na miaka 27, angeleta 73. Kadiri anayeangamia alivyo kijana, ndivyo faida inavyozidi.

Mchungaji mwema naye huhesabu, lakini ili amtafute aliyepotea (Luka 15:4-7).

Je, ndugu aliyerudia pombe tunamwombea na kumtembelea, au tunangoja tu kusikia mwisho wake?