Foleni ya Pakiti: Kwa Nini Sauti Hutangulizwa

Katika ofisi ya biashara, waya mmoja huweza kubeba mazungumzo ya simu, mikutano ya video, barua na mafaili. Vyote hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, lakini mahitaji yake si sawa. Faili likichelewa nusu sekunde, hakuna atakayetambua. Neno likichelewa kiasi hicho, wazungumzaji huanza kukatizana. Ndiyo maana Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) hushauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni.

Kiini cha tatizo ni foleni. Ichukuliwe kuwa ofisi ina njia ya biti 2,000,000 kwa sekunde. Pakiti kubwa ya faili ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kuituma huchukua 12,000 ÷ 2,000,000, sawa na milisekunde 6. Pakiti ya sauti ikikuta 50 za namna hiyo zimeitangulia, itangoja milisekunde 300. Kikomo kimepitwa maradufu kabla sauti haijatoka ofisini.

Tiba yake ni kutia alama. Mwaka 1998 ilikubaliwa kwamba biti 6 zilizo sehemu ya mwanzo ya pakiti zitumiwe kwa kazi hiyo. Biti hizo hutoa alama 64 tofauti. Kwa desturi sauti hupewa alama 46, na video ya mkutano 34. Ruta husoma alama na kuzigawa pakiti katika foleni mbalimbali. Foleni ya sauti hupitishwa kwanza. Video, ambayo pakiti zake ni kubwa na huja kwa mafungu, huhakikishiwa sehemu yake. Mafaili hutumia kinachosalia. Sasa pakiti ya sauti, isipokuta sauti nyingine mbele yake, hungoja ile moja tu iliyokwisha kuanza kutumwa, yaani milisekunde 6 kwa wingi.

Yafaa ikumbukwe kwamba kutanguliza si kuongeza. Simu moja ya mtindo wa G.711 hutoa pakiti 50 kwa sekunde, kila moja yenye baiti 200, yaani biti 80,000 kwa sekunde. Simu 25 huijaza njia nzima, na mafaili hayapiti kabisa. Simu ya 26 haitaharibika peke yake, bali itaziharibu zote. Kwa hiyo idadi ya simu nayo huwekewa kikomo.

Zoezi: Njia ikiwa ya biti 512,000 kwa sekunde, pakiti moja ya baiti 1,500 huweza kuichelewesha sauti kwa muda gani? (Jibu: karibu milisekunde 23.)