Kufundisha Rangi ya Sauti kwa Programu Zinazoiga Sinthesaiza za Kale

Katika vipindi vya muziki vya shule za msingi, wanafunzi hufundishwa bila taabu kutambua sauti nyembamba na nene, kubwa na ndogo. Jambo la tatu, yaani rangi ya sauti, aghalabu huachwa. Rangi ya sauti ndiyo inayotuwezesha kujua kuwa hii ni filimbi na lile ni zeze, hata vikipiga noti moja kwa nguvu ile ile. Huachwa kwa kuwa filimbi haifunguki tukaona kinachoifanya isikike hivyo. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo chombo kinachofunguka: programu ya kompyuta inayoiga sinthesaiza.

Sinthesaiza ni chombo kinachounda sauti kwa umeme, na mara nyingi huchezwa kama kinanda. Iliyo bora kwa somo letu ni Minimoog Model D, iliyotolewa mwaka 1970 na kampuni ya Robert Moog huko Trumansburg, katika jimbo la New York, Marekani. Ilipiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Lakini vifundo vyake vilipangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata njia ambayo sauti yenyewe hupita: viunda-mawimbi vitatu, kisha kichanganyio, kisha kichujio na kikuza-sauti. Kwa maoni yangu, mpango huo ni andalio la somo lililokwisha kuandikwa.

Utengenezaji wake wa awali ulikoma mwaka 1981, na zilizosalia ni ghali mno kwa shule yoyote ya kawaida. Hapo ndipo programu zinapotufaa. Kampuni ya Arturia ya Ufaransa ilitoa Moog Modular V mwaka 2003. Na mwaka 2018 kampuni ya Moog yenyewe ilitoa programu ya Minimoog kwa simu na vishikwambi vya Apple. Programu hukokotoa namba, kwa kawaida 44,100 au zaidi kwa kila sekunde, na namba hizo hugeuzwa kuwa mtikisiko wa spika. Sinthesaiza za mwanzo ziliyumba noti kila joto lilipobadilika. Programu nyingi za kuiga huirudisha kasoro hiyo makusudi, kwa hesabu, maana isipokuwapo sauti husikika kavu. Mwalimu asione kuiga kuwa ni kazi duni: aliyeiga vema alikwisha kusikiliza hata makosa.

Zipo pia programu zinazoiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, kama vile Dexed, ambayo hupatikana bila malipo. Sishauri kuanza nayo. Chombo hicho huunda sauti kwa wimbi moja kulitikisa jingine, na mtoto hawezi kubashiri kitakachotokea akigusa namba moja.

Sasa tuje darasani. Mwanachuo wengi huanza kwa kuchora ubaoni vifundo vyote na majina yake. Wanafunzi hunakili, hujibu jaribio vizuri, na masikio yao hubaki kama yalivyokuwa. Geuza kioo cha kompyuta kielekee ukutani. Piga noti moja, tuseme ya mitikisiko 220 kwa sekunde, kwa wimbi la meno ya msumeno, kichujio kikiwa wazi kabisa. Waulize wanafunzi sauti hiyo ikoje, uandike ubaoni maneno yao wenyewe: kali, ya nyuki, ya puani. Usiyasahihishe.

Kisha piga noti ile ile kwa wimbi la mraba. Watasema ina uwazi ndani, kama mwanzi. Wana haki. Wimbi la msumeno lina mitikisiko ya 220, 440, 660, 880 na kuendelea. La mraba lina 220, 660, 1,100, yaani huruka moja moja. Kwa darasa la tano namba hizo zaweza kuandikwa. Kwa madarasa ya chini sikio latosha.

Hatua inayofuata ndiyo yenye utajiri. Funga kichujio polepole huku noti ikiendelea. Wanafunzi wafumbe macho na washushe mikono kadiri sauti inavyofifia ukali. Hapo utamwona nani anasikia na nani anamwigiza jirani. Noti haikubadilika, ila mitikisiko ya juu imezuiwa. Waulize ni nini kilichoondoka kabla hujawaambia. Wengi watajibu kwamba sauti imekuwa ndogo. Jibu hilo lisipuuzwe. Ongeza sauti ya spika, warudie kusikiliza, watambue kwamba ukubwa umerudi lakini ukali haukurudi.

Mwisho, badili mwanzo na mwisho wa noti. Ikianza ghafla na kufa upesi, inakaribia marimba. Ikipanda taratibu na kudumu, inakaribia zeze la kupigwa kwa uta.

Tahadhari mbili. Spika ya simu haitoi vizuri sauti nene, hivyo tafuta spika kubwa kidogo. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, filimbi na ngoma ziwe tayari mezani: mwanafunzi azibe nusu ya mdomo wa mtungi unaopigwa, au afunike ngoma kwa kitambaa, na darasa lieleze kwa maneno yale yale ya ubaoni ni kitu gani kilichozuiwa.