Joto na Muda katika Chakula cha Mama Ntilie

Mtu atafutaye chakula kitamu cha bei nafuu mjini Dar es Salaam, iwe Kariakoo au Feri, hushauriwa aende penye wateja wengi. Ushauri huo una msingi wa kisayansi: penye wateja wengi sufuria huisha upesi, na chakula hakipati muda wa kupoa.

Bakteria wengi waletao maradhi ya tumbo huzaana kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi. Wali ni mfano mzuri. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hujihifadhi katika umbo gumu liitwalo spora, ambalo huweza kustahimili hata maji yanayochemka. Wali ukiachwa vuguvugu kwa saa nyingi, spora huchipua, bakteria huongezeka, nao hutoa sumu iletayo matapishi. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Kiporo kilichopashwa hadi kikafuka mvuke chaweza bado kumdhuru mlaji, wala pua haitambui kitu.

Samaki atolewaye sasa hivi katika mafuta yenye nyuzi zipatazo 170 hana hatari kama hiyo, hata kama kibanda ni cha mabati makuukuu na benchi limelegea mguu. Kachumbari ni jambo jingine: haipiti motoni kabisa, hivyo usalama wake hutegemea maji na mikono ya mwandaaji.

Darasani, wanafunzi wapime kwa kipimajoto, kila baada ya nusu saa, wali ulio katikati ya sufuria iliyofunikwa na ule uliotandazwa kwenye sinia, kisha wahesabu muda ambao kila mmoja umekaa chini ya nyuzi 60.